Timu za Vyuo Hufia Kiangazini

Tarehe 10 Aprili 2021, Chuo Kikuu cha Robert Morris, kilichopo nje kidogo ya Pittsburgh, kilikuwa mwenyeji wa fainali ya taifa ya hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani. Massachusetts wakabeba kombe, wageni wakafunga mizigo wakaondoka. Tarehe 26 Mei, siku 46 baadaye, chuo hicho hicho kikatangaza kuzifuta timu zake zote mbili za hoki, ya wanaume na ya wanawake. Timu ya wanawake ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi yake mwezi Machi na kucheza mashindano ya taifa. Haikufia uwanjani. Ilifutwa viatu vikiwa vimeshatundikwa na wachezaji wengi wako makwao kwa wazazi.

Ukizipanga habari za namna hii kwa tarehe utaona jambo. Chuo Kikuu cha Alabama, kampasi ya Huntsville: Mei 2020. Chuo Kikuu cha Alaska, kampasi ya Anchorage: Agosti 2020. Huntsville tena, safari hii moja kwa moja: Mei 2021. Robert Morris: Mei hiyo hiyo. Msimu wa hoki ya vyuo huanza Oktoba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili. Katika habari zote hizo, hakuna hata moja iliyotoka wakati mechi zinachezwa na watu wamejaa majukwaani. Vyuo vingi huanza mwaka wa fedha mwezi Julai, kwa hiyo wakati shabiki anavua samaki na kocha anahangaika na usajili, kwenye chumba cha mikutano wahasibu wanapitisha kalamu. Kwa timu ndogo, mechi ngumu kuliko zote inachezwa hapo, na haina watazamaji.

Mimi naishi Anchorage. Nilikuja nikiwa mtu mzima kutoka Tanga, mahali ambapo barafu tuliijua ya kununua dukani, ya ukwaju au ya ubuyu, ndani ya kifuko cha nailoni. Mwanangu ndiye aliyenipeleka kwenye hoki. Huku mtoto akifika miaka mitano majirani wanakuuliza anateleza au hatelezi, na kabla hujajibu wameshakuletea viatu vya mtoto wao vilivyombana. Timu ya chuo, Seawolves, ndiyo kipimo cha watoto hawa. Hatuna timu ya ligi kuu ya kulipwa hapa. Iliyo karibu zaidi kwa upande wa Marekani iko Seattle, saa tatu na nusu kwa ndege. Mtoto wa Anchorage anapomwona mchezaji wa chuo dukani amebeba maziwa, amemwona mtu mkubwa. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa siyaandiki kama mtu aliyekaa pembeni.

Mkasa wa Anchorage una mambo mengi ya kujifunza, na hauanzii kwenye michezo. Jimbo la Alaska linategemea sana mafuta, na bei ya mafuta ikianguka, chuo kinakohoa. Mwaka 2019 Gavana Mike Dunleavy alikata dola milioni 130 kwenye fungu la jimbo kwa ajili ya chuo kikuu. Baada ya kelele nyingi wakaafikiana: punguzo la dola milioni 70 kwa miaka mitatu. Halafu likaja korona. Agosti 2020 uongozi wa kampasi ukapendekeza kufuta hoki ya wanaume, jimnastiki ya wanawake na mbio za kuteleza kwenye theluji. Mwezi uliofuata bodi ya chuo ikapitisha, ikiwa na sharti: timu zitakazoweza kuchangisha gharama zao za miaka miwili zitabaki. Hoki ilitakiwa ilete dola milioni 3. Jimnastiki, dola 888,000.

Kwa lugha yetu hiyo ni harambee, na mji ulichanga. Walichanga wachezaji wa zamani, wafanyabiashara na wastaafu, mpaka watoto waliouza keki. Muda wa mwisho uliokuwa Februari 2021 ukasogezwa kwa hoki hadi mwisho wa Agosti. Siku zilipotimia, milioni 3 zilikuwa zimepatikana, na mkuu mpya wa kampasi, Sean Parnell, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo, akatangaza kwamba timu inarudi. Siku ile watu walipigiana honi barabarani. Na mimi nilipiga.

Lakini tazama kilichotokea wakati tunachanga. Msimu wa 2020–21 haukuchezwa kwa sababu ya korona. Wa 2021–22 haukuchezwa kwa sababu hapakuwa na timu ya kuchezesha. Kocha alishaondoka, wachezaji walishahamia vyuo vingine, na nani angewalaumu? Kijana wa miaka 21 ana misimu minne tu ya kucheza chuoni. Matt Shasby, mwenyewe mchezaji wa zamani wa chuo hicho, akakabidhiwa kazi mwishoni mwa 2021 akiwa na jezi, jina na kabati tupu. Akatumia mwaka mzima kusajili timu kutoka sifuri, na Oktoba 2022 Seawolves wakaingia barafuni. Milioni zile 3 zilirudisha jina na fungu la fedha. Misimu miwili iliyopotea, na vijana waliotawanyika nayo, hakuna mchango uliowarudisha.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sisi tunaijua harambee kuliko Wamarekani. Yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anajua inavyokwenda. Kikao cha kwanza ahadi zinamiminika, watu wanashindana. Kikao cha pili unaanza kukumbushia. Ukiitisha tena mwaka ujao, kwa harusi ya ndugu yule yule, simu hazipokelewi. Si kwamba watu wamekuwa wabaya. Harambee imeumbwa kwa jambo la mara moja: harusi, msiba, bati za darasa. Shule niliyosoma ilikuwa ikipeleka timu UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, kwa michango ya wazazi. Mwaka wa kwanza tulipanda basi zuri. Mwaka wa pili tulipanda lori. Mwaka wa tatu mwalimu wa michezo alizunguka mtaani na daftari lake wiki nzima, akarudi na majina mengi na fedha kidogo, na hatukwenda. Nilikuwa beki wa kushoto. Mpaka leo nikiliona daftari la kaunta lenye jalada gumu jeusi namkumbuka mwalimu yule amekaa kwenye ngazi za ofisi, akijumlisha na kujumlisha upya.

Chuo kinachoiambia timu yake "jichangieni mtabaki" kinafanya kile kile kilichofanywa na shule yangu, tofauti ni tarakimu tu. Wapenzi wa timu wanathibitisha mapenzi yao, na uthibitisho huo unageuzwa kuwa hoja: kama mliweza mara moja, mtaweza tena. Gharama ya kila mwaka inahamishwa kimya kimya kutoka kwenye bajeti ya taasisi kwenda kwenye mifuko ya watu wanaoipenda. Ni kodi ya mapenzi, na wanaoilipa huchoka.

Huntsville ndiko hilo lilikoonekana wazi zaidi. Mwishoni mwa Mei 2020 chuo kilitangaza kuifuta hoki. Ndani ya wiki moja wapenzi wa timu walikuwa wamepata zaidi ya dola 500,000, na timu ikarudishiwa pumzi kwa msimu mmoja. Hii ni timu ya Alabama, kusini kabisa, jimbo la mpira wa miguu wa Kimarekani, na bado iliwahi kucheza mashindano ya taifa mara mbili, 2007 na 2010. Mwaka 2007 iliwapeleka Notre Dame hadi muda wa nyongeza wa pili kabla ya kufungwa 3–2. Golikipa Cam Talbot alitoka pale akaenda ligi kuu ya NHL. Fedha zilipatikana, historia ilikuwapo, na Mei 2021 timu ikasimamishwa hata hivyo. Hapakuwa na ligi iliyowapokea.

Wasomaji wengi wa habari hizi huishia kwenye dola, na nadhani hapo ndipo tunapokosea hesabu. Ligi ndiyo roho ya timu ndogo. Mwaka 2019 vyuo saba, vikiwemo Bemidji State, Michigan Tech na Lake Superior State, vilitangaza kujitoa kwenye ligi ya WCHA ili kuanzisha ligi yao, CCHA, kuanzia msimu wa 2021–22. Waliobaki nyuma katika vyuo kumi vya WCHA ni watatu: Huntsville, Anchorage na Fairbanks. Sababu haikufichwa sana: safari. Kumpeleka kila mwaka kijana wa Michigan hadi Alaska na Alabama ni tiketi, hoteli, na siku za masomo zinazopotea. Kila mmoja akiitazama bajeti yake peke yake alikuwa sahihi. Matokeo yake kwa pamoja yalikuwa timu tatu ukiwani.

Timu isiyo na ligi hupanga mechi zake kwa simu. Kila kiangazi kocha anapiga: mna wikiendi ya wazi Januari? Mnakuja au tuje? Wenye ligi wameshajaza ratiba kuanzia mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo yeye anapata mabaki. Akimtaka mgeni aje Alaska ana chambo kimoja tu cha maana: kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haziihesabu mechi iliyochezwa Alaska ndani ya kikomo cha mechi 34 za mgeni kwa msimu. Mgeni anapata mechi za ziada. Ni chambo kizuri, lakini tiketi ya ndege inabaki pale pale. Na ukitaka kuingia kwenye timu 16 za mashindano ya taifa, mabingwa wa ligi sita wana nafasi zao za moja kwa moja. Wewe usiye na ligi unagombea nafasi kumi zilizobaki kwa pointi za ubora peke yake. Fairbanks, jirani zetu wa kilomita zipatazo 580 kaskazini, walishinda mechi 22 msimu wa 2022–23 na wakaachwa nje kwa upenyo mwembamba. Wangekuwa na ligi wangeingia mwisho wa msimu wakiwa na mlango wa pili wa kubisha.

Linganisha na Union College ya Schenectady, New York. Wanafunzi wapatao 2,200, wakati ule hakuna ufadhili wa masomo uliotolewa kwa sababu ya michezo, na mwaka 2014 waliwafunga Minnesota 7–4 wakawa mabingwa wa taifa. Minnesota! Chuo chenye makumi elfu ya wanafunzi. Makocha wanajua kilichomo ndani ya habari ile: Union wamo kwenye ligi ambayo wapinzani wengi wanafikiwa kwa basi. Mmoja wao, Rensselaer, yuko mji wa jirani kabisa. Udogo wa chuo haujawahi kuiua timu peke yake. Udogo ukijumlishwa na upweke ndio unaoua.

Sasa tuingie kwenye vitabu vya hesabu, maana huko nako kuna jambo linalonikera. Chuo kikisema kufuta timu kutaokoa kiasi fulani, uliza kimehesabuje. Kwa kanuni zilizodumu miaka mingi, timu ya hoki ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 18 tu, ukigawanywa kwa wachezaji 26 au zaidi. Vyuo vidogo vingi haviutoi wote. Maana yake wachezaji kadhaa wanalipa ada, baadhi kwa sehemu kubwa, na wengi wao wasingekanyaga mji ule kama si hoki. Timu ikifutwa wanaondoka na ada zao. Lakini ada inaandikwa kwenye ofisi moja na bili ya umeme wa barafu inaandikwa kwenye nyingine, na anayekata anaangalia daftari la pili. Zaidi ya hapo, ule ufadhili wenyewe kwa sehemu kubwa ni fedha ambazo idara ya michezo "inakilipa" chuo chenyewe. Ni noti inayotoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto wa koti lile lile. Sisemi hoki haina gharama. Ina gharama nyingi na za kweli. Nasema mtu anayetaka kuifuta analazimika kuonyesha daftari zote mbili.

Gharama za kweli nimeziona kwa macho. Julai mwaka mmoja nilimpeleka mwanangu kunoa viatu kwenye uwanja wa barafu. Fundi alikuwa peke yake, jokofu la uwanja likinguruma nyuma ya ukuta. Chuma cha kiatu cha hoki kina unene wa kama milimita 3, na kinaponolewa huchongwa mfereji katikati ili kibaki na kingo mbili. Alikishika kwenye jiwe linalozunguka, cheche zikamrukia kwenye aproni, kisha akakipima kwa sarafu aliyoilaza juu kuona kama kingo ziko sawa. Nilimuuliza kwa nini barafu iko chini ya turubai na mwaka jana tulikuwa tukiteleza kiangazi kizima. Akanionyesha sakafu. Barafu yenyewe ni ya kina cha vidole viwili hivi, akasema, inamwagwa maji tabaka kwa tabaka juu ya zege lenye mabomba ya baridi, inapakwa rangi nyeupe, inachorwa mistari, inamwagwa tena. Ukiiyeyusha, kuirudisha ni kazi ya siku kadhaa. Ukiiacha, mashine haizimwi usiku na mchana. "Kila Mei wanakaa kuamua," akasema, "na kila Mei wanaamua vingine."

Alaska, wageni hushangaa, nako kiangazi barafu inatengenezwa kwa mashine. Ndivyo ilivyo Nairobi vilevile, ambako vijana wa Ice Lions walijifunzia mchezo huu kwenye uwanja mdogo uliofunguliwa ndani ya hoteli ya Panari mwaka 2005, wakategemea mwenye uwanja awashe mitambo. Kenya ilipokelewa na shirikisho la kimataifa la mchezo huu mwaka 2024, na wale vijana wangenielewa haraka kuliko wajumbe wengi wa bodi: bila barafu ya mazoezi wakati hakuna mechi, hakuna mchezaji wakati kuna mechi.

Na kiangazi cha 2025 mzigo uliongezeka. Tarehe 6 Juni Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi ya mwogeleaji Grant House na wenzake dhidi ya NCAA: dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanamichezo wa zamani, zitakazolipwa kwa miaka kumi, na ruhusa kwa vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Sehemu ya fidia hiyo inakatwa kwenye mgawo ambao NCAA huvipa vyuo, vikiwemo vile visivyolipa mchezaji yeyote senti. Vyuo vilivyoingia kwenye mpango vimeondolewa kikomo cha ufadhili 18. Vinaweza kuwafadhili wachezaji wote 26 wa hoki. Tangu Agosti 1 mwaka huo milango ikafunguliwa pia kwa vijana wa ligi kubwa za vijana za Kanada, ambao zamani walihesabiwa kuwa wa kulipwa. Gavin McKenna, kijana aliyekuwa akitazamwa na kila mtu, akachagua Penn State mwezi Julai, na vyombo vya habari vikaripoti kiasi cha karibu dola 700,000 kwa msimu. Sina kinyongo naye. Wachezaji wamevitajirisha vyuo kwa miaka mingi na ni haki walipwe. Lakini Anchorage ilihitaji milioni 3 kuendesha timu nzima miaka miwili, yaani milioni moja na nusu kwa mwaka. Fedha ya kijana mmoja inakaribia nusu ya hiyo.

Wapo wanaosema kwa hiyo wadogo washuke, wakacheze madaraja ya chini. Siafiki. Fedha kubwa imekuwapo siku zote; tajiri Terry Pegula aliwapa Penn State dola milioni 88 mwaka 2010 wakajenga uwanja, na bado Union walichukua kombe miaka minne baadaye. Kuja kwa vijana wa Kanada kumeongeza idadi ya wachezaji wazuri wanaotafuta nafasi, na nafasi za wakubwa ni 26 tu kila mahali. Wanaokosa huko watashuka kwenye vyuo vidogo, na kocha mjanja ataokota almasi. Ila atawaokota akiwa na jambo moja mkononi: uhakika kwamba timu itakuwapo mwaka wa tatu na wa nne. Mzazi anayekupa mwanawe wa miaka 20 anauliza hilo kabla ya kuuliza habari za chumba cha mazoezi.

Ninachotaka ni kanuni, na naitaka iandikwe. Chuo kinachotaka kufuta timu kitoe taarifa kabla ya msimu kuanza, na msimu huo uchezwe mpaka mwisho, ili mchezaji ahame dirisha la uhamisho likiwa wazi na vyuo vingine vina nafasi. Tangazo la mwisho wa Mei linamwachia kijana soko ambalo wenzake wameshalimaliza. Pili, mchango wa wapenzi uwekwe kwenye mfuko wa kudumu, mtaji usiguswe na faida yake ndiyo iendeshe timu, ili mtu atoe mara moja na asipigiwe simu tena kila Agosti. Tatu, na hili ni la makamishna wa ligi zaidi ya marais wa vyuo, gharama ya safari za mbali igawanywe na ligi nzima, kidogo kidogo kwa kila mmoja. Vyuo vilivyotuacha 2019 vingelipa kiasi kisichoumiza, na Huntsville pengine wangekuwa barafuni leo.

Robert Morris walirudi, nao. Desemba 2021, baada ya miezi ya kuchangisha, chuo kilikubali, na msimu wa 2023–24 timu zote mbili zikacheza tena. Kocha Derek Schooley, aliyekuwa na timu ya wanaume tangu ianzishwe 2004, hakuondoka; alikaa misimu miwili bila timu akiisubiri. Wachezaji wake wa 2021 walikuwa wameshatawanyika kwenye vyuo vya watu.

Juzi mwanangu ameniuliza kama Seawolves watakuwapo atakapofika miaka 18. Amebakiza saba. Nimemwambia nitamuuliza mtu anayejua, na tangu hapo natafuta ni nani huyo nimpigie.